Kutoka Dubai Mpaka Kijiweni kwa Kassim

Kijiwe cha Kassim muuza kahawa kiko nyuma ya duka la unga, Garsen, na wanaokikalia hawajawahi kushindwa na swali. Barabara ilikuwa ndiyo kwanza imefunguka baada ya mafuriko, na siku hiyo swali alilileta Jilo mfugaji, kavaa kanzu safi isiyonuka ng'ombe. Binti yake Mumina alikuwa anarudi kutoka kazini Dubai. Alipoondoka, Jilo alikuwa malishoni upande wa Chara, hakumuaga, na jambo hilo lilimkaa kooni miaka miwili. Safari hii alimwapia mkewe kwamba mkono wa kwanza kupokea begi steji utakuwa wake.

— Nyinyi watu ya akili, mimi nataka jua kitu moja tu, alisema Jilo. Ndege imetoka Dubai jana saa mbili asubuhi. Nairobi inafika saa ngapi? Kama Mumina amepata basi ya usiku, leo ako hapa. Kama hakupata, ni kesho.

— Mwenyewe alisemaje kwa simu? aliuliza Kassim, akimimina.

— Saa sita mchana. Lakini kwenda alitoka saa mbili, akafika saa nane! Kwenda masaa sita, kurudi nne. Njia ni moja!

Hakuna hapo aliyejua kwamba saa ya Dubai hutangulia ya Nairobi kwa saa moja. Meja Farah alikohoa. Aliwahi kufukuza mbuzi kwenye kiwanja cha ndege, basi mambo ya anga yote yalikuwa yake.

— Hiyo ni kama ng'ombe. Kwenda malisho anavuta miguu, kurudi zizini anakimbia.

— Ng'ombe angani! alicheka Nabil Nahodha, mtu wa Kipini ambaye chombo chake kikubwa kilikuwa mtumbwi. Ni upepo, nduu yangu. Kwenda wapiga uso, kurudi wasukuma. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Yaani kurudi ni kufupi.

Jilo aliinuka nusu.

— Basi niende steji?

— Kaa! alifoka Meja. Saa sita imefika juu ya Nairobi. Kushuka ni kitu ingine. Inatoka joto ya Dubai, Nairobi ni baridi. Sufuria ya moto ukitia maji baridi, si inapasuka? Lazima izunguke ipoe.

— Na kuzunguka yamaliza mafuta, alidakia Nabil. Basi yaenda Mombasa kutia, ndipo yarudi Nairobi.

— Si Mumina ashukie huko huko Mombasa? aliuliza Kassim.

— Maji yakimwagika hayazoleki, alijibu Nabil, akasogeza kikombe kiongezwe.

Honi ililia upande wa barabara.

— Lori la mbuzi, alisema Meja bila kugeuka.

Kufikia kikombe cha tano, kwa hesabu yao ndege ilikuwa imetua usiku wa manane na basi limemwacha Mumina. Moyo ulimwambia Jilo ainuke, ila kahawa ilikuwa tamu.

— Basi ni kesho. Kassim, ongeza.

Hapo msichana akatokea kwenye kona ya duka, vumbi mpaka kwenye kope, begi kila mkono. Jilo alisimama, kahawa ikamwagikia kanzu.

— Mumina! Ndege... tulikuwa tunahesabu...

— Aba, nimesimama steji mpaka basi imeondoka. Aliwatazama mmoja mmoja, haijulikani kama atacheka au atalia. Nyinyi mnaojua masaa ya Dubai, niambieni. Kutoka benchi hii mpaka steji ni dakika ngapi?

Meja alitazama mawingu. Kassim aliinamisha birika, halikutoa tone.

Jilo aliona aibu mpaka macho yakamjaa maji. Akayachukua mabegi yote mawili, akatangulia. Hakushika njia ya nyumbani, alishika ya steji, ili ampokee binti yake.