Moshi Nyuma ya Geti

Bwana asifiwe, kanisa! Itikieni kwa nguvu, mnitie moyo.

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu, na mume wangu ni karani wa serikali. Tumepanga hapa Mpanda kwenye mtaa wa mageti, ule wanakokaa wakubwa. Mume wangu alisema mtu wa ofisi hawezi kukaa popote. Kodi inameza mshahara, kinachobaki ni kuonekana tu. Mtu akipita anaona geti, anaona mapazia, anasema hawa wamefika. Tumefika wapi? Gesi ikiisha napikia kuni nyuma ya nyumba, na jirani akiulizia moshi nasema nachoma taka!

Kijijini kwao mume wangu, kule Sibwesa, wakishavuna, kila ndugu wa mjini huletewa gunia lake la mahindi. Mwaka huu shemeji alishusha kwa wote, kwetu akaja mikono mitupu. "Shemeji, nyie wa mageti mtakula dona kweli?" Nikacheka naye. Alipoondoka niliingia ndani nikalia, maana unga uliobaki ulikuwa wa uji wa watoto tu.

Na wiki hiyo ibada ya nyumba kwa nyumba ilikuwa zamu yangu. Mnajua desturi yetu, mwenye nyumba anaandaa chai na maandazi. Sukari sina, ngano sina. Jamani! Niliomba mvua inyeshe wasije. Wakaja wote na vitenge vyao vizuri, wakajaa kwenye makochi.

Mama kiongozi akauliza, "Mama Upendo, tukuombee nini?" Siku zote nilijibu, amani ya nyumba. Siku hiyo sijui nini kilinisukuma, nikasema, "Humu ndani hakuna chakula."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Halafu jirani yangu, mke wa bosi wa mume wangu, yule yule niliyekuwa namdanganya habari za moshi, akainamisha kichwa akaanza kulia. "Hata kwangu, mwalimu. Hata kwangu." Tukashikana mikono tukaomba kwa machozi, na chai hakuna aliyeiulizia. Asubuhi yake mama mmoja wa ibada, mkulima wa Kasokola, akatuletea mahindi kwa bodaboda, tukagawana mimi na jirani.

Ndugu zangu, sisemi tumetajirika. Kodi inakaribia kuisha na sijui tutalipa nini. Nikitaja kuhama, Baba Upendo ananuna. Hata sasa yuko pale nyuma, amenikunjia uso kwa haya ninayosema. Lakini Yesu amenifungua mdomo, siufungi tena! Asante, Bwana!

Na wewe uliyependeza leo huku ndani unaumia, mwamini Mungu, waambie na ndugu zako. Simama hapo ulipo tukuombee. Usiogope macho ya watu, simama tu.

Jamani! Geukeni muone. Baba Upendo amesimama!