Mtaro wa Shemeji

Asubuhi hiyo Spana, fundi baiskeli na katibu wa mtaa, alikuwa kwenye benchi la kona, kahawa mkononi, macho yote ng'ambo ya barabara. Kule kumejengwa mtaro mpya, mifuniko juu, hata paka anapita kwa maringo. Huku kwake mvua ya jana imeingia kibandani ikazoa vipuri. Na katibu wa ng'ambo ni nani? Shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu ambaye juzi tu alikuwa anakuja kwake kuazima pampu! Kwa awamu hii mpya halmashauri ilisema kila mtaa ulete fomu yenye lengo moja, idara zote zilivalie njuga hilo hilo. Mwisho wa fomu ni leo, saa nne.

— Katibu, unavyokodoa hivyo, utauhamisha huo mtaro kwa macho? Dobi, aliyekaa naye benchini, akamchokoza.

— Niache, dada. Shemeji ana mtu halmashauri. Haiwezekani.

— Mtu mmoja? Kinyozi akacheka. We mtoto kweli. Kila idara ana binamu. Maji binamu, barabara binamu, afya binamu!

— Binamu wapi! akaruka Takwimu, aliyewahi kuwa karani wa halmashauri wiki mbili na mtaa mzima unaijua habari hiyo. Nimekaa ofisini mimi. Ramani imegeuzwa! Wao ndio wameandikwa sisi, na sisi ndio wao. Ule mtaro ni wetu!

— Ndiyo maana hata taa wanazo wao! Kinyozi akadaka.

— Taa, jalala, vyote vyetu! Takwimu akakazia.

Roho ya Spana ikatulia kidogo. Afadhali awe kaibiwa kuliko kushindwa na shemeji.

— Mnajua mke wangu kaniambia nini wiki iliyopita? "Kaka ana akili ya mipango." Ndani ya nyumba yangu! Tena nikiwa nakula!

— Hiyo inauma, kaka, Dobi akakubali. Pole.

Pikipiki ikasimama. Akashuka mama mmoja mgeni, viatu vimelowa, kitambulisho cha halmashauri shingoni.

— Habari zenu. Katibu ni nani? Nimefuata fomu.

Spana akampa. Karatasi saba zimebanwa pini, maana kila mtu wa benchi alichomeka lake, na aliyekataliwa alinuna. Dobi umeme, Kinyozi uwanja wa mpira, Takwimu kiwanja cha ndege, kidogo tu. Jumla malengo arobaini na moja.

Mama akapekua mpaka mwisho, akarudia.

— Jamani, nimekuja hapa nakanyaga maji. Mtaro uko namba ngapi?

— Namba moja! Dobi akasema. Nimeuandika kwa mkono wangu.

— Mbona siuoni?

Karatasi zikazunguka benchi. Kinyozi akageuza ya tatu, Takwimu akaiinua ya tano juani. Kwenye namba moja palikuwa na mstari mnene wa wino, umepigwa na kupigwa tena mpaka karatasi imetoboka.

— Nani kakata hapa? Mama akauliza.

Spana alikuwa ameinamia kikombe. Aliukata mtaro jioni ile ile mkewe alipomsifu kaka yake, akajiambia hamuigi mtu, afadhali maji yaingie kibandani.

— Nauliza tena. Nani?

Kule ng'ambo shemeji alikuwa amesimama juu ya mfuniko, anawapungia mkono. Dobi akamwangalia shemeji, kisha akamgeukia Spana taratibu, akaacha kumwangalia mwingine yeyote.