Saa ya Kifuani

Nani kati yenu bado anaamini kwamba dada mtu ndiye aliyemuua baba yenu? Msitazamane. Sikilizeni wanangu, na wewe kitindamimba zima hiyo simu, sifi mara mbili.

Miaka thelathini niliwadunga watu sindano nikiwadanganya kwamba haiumi, mpaka saratani iliponilaza kwenye wodi yangu mwenyewe, kitanda cha karibu na sinki, na muuguzi niliyemfundisha kwa mikono hii akanitoboa mara tatu akitafuta mshipa, huku ananibembeleza, “Haiumi, sista.” Nilimrukia. “Inauma, mpumbavu wewe! Sema inauma!” Akasema, analia. Nguvu zangu nilizipata hapo, si kwa hao wageni wenu wanaokuja kuniambia nimependeza. Waliponikata titi, waliponitia dawa nikatapika mpaka nyongo, nilisema inauma, kisha nikalala usingizi wangu.

Basi leo niseme linalouma. Baba yenu alinivunja taya, mbavu mbili na kidole hiki, na kila mara nilijaza fomu mwenyewe: ameteleza bafuni. Bafu gani hilo lenye ngumi? Siku aliponikaba jikoni hadi macho yakanitoka, wewe binti yangu ulimpiga kichwani kwa pasi ya nguo, damu ikaruka mpaka darini, nami nikawafukuza nyote nje. Naye nikamwandikia hivyohivyo: ameteleza bafuni. Tangu hapo hujagusa pasi, unakwenda kazini na nguo zilizokunjamana, na mdogo wako hajakuita dada tena.

Nyumba ni yenu wawili, asiuze mmoja bila mwenzake. Mkinizika, asisimame mtu kusema nilikuwa na ndoa njema. Mungu awape vifua vyepesi... Nipeni maji. Kidogo tu.

Saa hii ya kazini niliyokuwa nabana kwa pini kifuani, juu ya titi lilelile, ni yako, binti yangu. Ngoja, usiichukue bado. Mlipotoka jikoni... baba yenu alikuwa bado anapumua. Jeraha lile ningeliziba kwa taulo, nimeziba mabaya kuliko lile. Nilivuta kiti nikakaa. Nikahesabu pumzi zake kwa saa hii, dakika baada ya dakika. Kumi na nne. Tisa. Nne. Akanishika sketi, nikambandua vidole, kimoja... kimoja.

Wewe ulimpiga, mwanangu. Aliyemuua ni mimi.