Taratibu na Kinanda Chake cha Mwisho

Wewe ungeweza kumaliza kazi ya mwaka mzima, kisha ukalala bila kuijaribu? Marehemu baba yetu aliweza.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1956 katika nyumba ya mshona viatu, akawa wa kwanza humo kupelekwa shule, na kitindamimba hadi mdogo wake alipomnyang'anya cheo hicho. Katika chuo cha ufundi alifungua redio ya mlezi wa bweni akitaka kuona sauti inatoka wapi. Aliirudisha ikisikika vizuri zaidi. Viboko alipata vilevile.

Aliajiriwa kama fundi wa mitambo ya simu hadi alipostaafu mwaka 2016. Wenzake walimwita Taratibu.

Mwaka 1984 alimwoa mama yetu, mwalimu wa muziki asiye na kinanda. Kila alipokiomba, wakubwa wa shule walimwambia muziki unaweza kusubiri. Hapana, hauwezi, na ni aibu kwamba bado tunawaambia watoto hivyo. Baba hakubishana nao. Aliagiza kinanda cha umeme kikiwa vipande ndani ya boksi, akakiunga mezani kwetu, kisha akaendelea kuunga vingine na kuvigawa shuleni.

Alikuwa na utaratibu wake. Alikata kucha, akavua saa, akanawa hadi viwikoni, akatandika shuka jeupe. Kabla ya kulehemu kila kipande alikitaja kama mwalimu anayeita mahudhurio, nasi watoto tukaitikia, "Yupo." Kazi ikiisha alikifunika kinanda, na hakuna aliyekigusa hadi asubuhi, mama alipobonyeza sauti ya kwanza.

"Leo nimechoka, nitasikia ninachotaka kusikia," baba alikuwa akisema. "Kesho nitasikia kilichopo."

Mwaka jana figo zilimlemea na mikono ikaanza kutetemeka, huku mezani kukiwa na kinanda cha shule ya watoto wasioona. Mama akashika kazi ya kulehemu, baba akaita majina.

"Ukiniunguzia hicho, tunaachana," alimwambia.

"Kwa umri huu utampata nani? Mulika hapa, mzee."

Jumanne jioni walimaliza. Baba mdogo, aliyeona hali ilivyo, akamsihi, "Kaka, kiwashe japo usikie mara moja."

"Kimelala," baba akajibu, akakifunika. Alifariki kabla hakujapambazuka.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mimi mwanawe, wajukuu na mdogo wake. Tunamwombea pumziko jema, lisilo na haraka.

Asubuhi ile, sebule ikiwa imejaa waombolezaji, mama alivua saa, akanawa hadi viwikoni, akafunua kinanda na kukiwasha. Alibonyeza. Sauti ilitoka nzito, imepinda kidogo, kama vinanda vyake vyote vilivyokuwa kabla ya kupata joto. Mama hakuondoa kidole. Tulisimama tukisikiliza sauti ikipanda polepole, hadi ikanyooka.

"Yupo," mama akasema.