Chupa ya Kwenye Msumari: Risala kwa Daktari Wetu wa Macho

Mgeni rasmi, Daktari wetu,

Sisi mafundi wa kuchomelea wa karakana hii tunakupokea kwa mikono miwili. Tumeiosha mara tatu tangu asubuhi, weusi umegoma kutoka, utusamehe. Umekuja kutufungulia kabati la miwani na ngao za uso za kuchomelea. Kusema kweli, kabati lingeweza kufunguliwa na kiongozi yeyote mwenye kujua kushika mkasi. Tumekuomba wewe kwa sababu nyingine, na tunaomba utuvumilie mpaka tuifikie.

TULIKOTOKA

Kabla hujaletwa zahanati ya hapo ng'ambo ya barabara, daktari wetu wa macho alikuwa ncha ya leso. Chenga ya chuma ikikurukia jichoni, unakaa juu ya tairi, mwenzako anakugeuza kope na kukutoa chenga kwa leso aliyofutia jasho tangu Jumatatu. Wengine tulitiwa maji ya sukari. Mmoja wetu, hatumtaji kwa kuwa leo kavaa tai na kakaa mstari wa mbele, alitemewa mate. Siku hizo jicho jekundu ndilo lilikuwa cheti cha ufundi.

Halafu ukaja wewe. Ah, Daktari, tunakikumbuka kile chumba cha mwisho wa korido! Pazia la kijani, benchi lenye mguu mfupi tulioutengeneza ukapinda tena, na ile mashine ya kuegemeza kidevu. "Usipepese! Fundi mzima unaogopa taa?" Ulitutia dawa ya rangi ya chungwa, na kila mkwaruzo ukang'aa kijani. Ulitugombeza kama shangazi, na ukishamaliza kutugombeza unauliza habari za watoto, mmoja mmoja. Tuliipenda ile foleni. Hatukuwahi kukwambia, basi tunakwambia leo.

ULIYOTUFUNDISHA

Ulisema konea ni kioo cha mbele cha jicho, na hakina hata mshipa mmoja wa damu, ndiyo maana mwanga unapita. Mkwaruzo wa juu hupona siku mbili tatu. Ukizama, wadudu wakiingia, unakuwa kidonda, na kidonda kikipona huacha kovu jeupe, yaani chamba cha jicho. Sisi tulikuwa tukikiita mtoto wa jicho, ukatukatalia katakata: "Mtoto wa jicho yuko ndani, kwenye lenzi. Chamba kiko kwenye kioo. Msiwachanganye hawa, hata ukoo hawana!"

Ukatuambia pia kwamba kidonda kikiwahiwa hutibika kwa dawa, lakini kovu likishakuwa nene hakuna tone litakaloliondoa. Hapo mtaalamu hukata kile kipande, akashona mahali pake konea ya mtu aliyefariki, kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

CHANGAMOTO

Risala huwa zinataja umeme na barabara. Umeme unakatika, barabara umeiona mwenyewe ulipokuja, tuyaache hayo. Changamoto yetu ni chupa.

Miaka mitano iliyopita, wiki chache kabla ya uhamisho wako kwenda hospitali kubwa wanakoshona konea, chupa ya dawa ya ganzi ilipotea mezani kwako. Ulivuka barabara na koti lako jeupe ukatuuliza hapahapa. "Simshitaki mtu. Naitaka chupa tu. Ile dawa ni ya kupimia, haitibu. Inanyamazisha maumivu, na jicho linaharibika mwenyewe hana habari." Akasimama fundi wetu mkuu, tunayemwita Koleo, akasema, "Ni mimi, Daktari. Imenidondoka ikavunjika."

Ukamgeukia. "Wewe, Koleo? Wewe niliyekuamini?" Ukarudi zako.

Haikuvunjika. Ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye msumari, nyuma ya kalenda. Sisi, wajuaji wa mjini, tulidhani unatunyima nafuu. Aliyepigwa na mwanga wa kuchomelea, macho yakawa kama yametiwa mchanga, alijitia tone, maumivu yakakata, akarudi kazini. Wengi wetu tulitia mara moja moja. Koleo alikuwa na mageti ya shule ya kumaliza, akajitia kila yalipouma, macho yote mawili, mpaka chupa ikaisha. Mageti yalipendeza mno.

Leo jicho lake la kulia ni chamba kitupu. La kushoto lina kidonda kinachofunga na kufunguka, na mwezi uliopita alimpita mjukuu wake mlangoni asimjue. Daktari kijana aliyepokea chumba chako amemwandikia mara tatu barua ya rufaa ya kuja kwako. Mara tatu ameikunja na kuitia mfukoni. "Nitamtazama vipi usoni?" anasema. Tukimwambia hata akikutazama hatakuona, anacheka sana, halafu haendi.

OMBI

Ombi letu ni moja, na hapa wenzangu wameniruhusu niache kusema sisi.

Daktari, aliyechukua ile chupa ni mimi, katibu ninayekusomea. Ulikuwa umenipa mgongo ukiandika kadi yangu. Koleo ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Alisimama siku ile kwa sababu aliona macho yangu yanakimbilia kwenye kalenda. Uliyemwamini hakukosea. Nimeona aibu miaka mitano, na yeye ndiye amelipa kwa macho yake. Chupa hii hapa, tupu, naiweka mezani kwako.

Kaka hajui nimeandika haya. Anajua umekuja kwa ajili ya kabati. Kiti ulichokalia amekipiga tupa na msasa yeye, siku nne, kwa kupapasa, akisema kisije kikakuchania nguo. Yuko nyuma yako, ndiye aliyeshika sinia lenye mkasi. Tafadhali, Daktari, kabla hujakata utepe, geuka umtazame macho.

Mungu aizidishie mikono yako utulivu, na sisi atuzidishie ujasiri wa kusema kweli mapema.

Ni sisi,
Mafundi wa Kuchomelea, Karakana ya Ng'ambo ya Zahanati,
pamoja na Koleo, ambaye sasa amesikia.