Waliodandia Jiwe la Bibi Khatija

Benchi letu liko Kalangalala, hapa Geita, ukutani mwa duka la Sameer, muuza vipuri vya karasha za kusagia mawe na pampu za kuvuta maji maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu. Birika ni langu, kahawa ni yangu, na wanaume watatu wanaoshinda hapo ni msalaba wangu. Mayala tunamwita Mzee Duara: alianza kuchimba Mwakitolyo, na mpaka leo hajawahi kuona jiwe ambalo halifichi kitu. Herman ni Daktari, kwa sababu anauza dawa za mifugo. Chacha wa bodaboda ni Wakili, kwa sababu ameshtakiwa sana. Asubuhi hiyo Sameer alitoka ndani amekumbatia beseni lenye jiwe limelowa, akalitua katikati ya benchi, pale ninapowekaga vikombe. Sikupenda.

— Shikamoo, Mama Mbuke.

— Marahaba. Hilo nalo ni kahawa?

— Jiwe la tangi la mama. Jamani, nisaidieni, linaota vitu.

Habari za tangi tulikuwa nazo. Baba yake alipofariki huko Lindi, Sameer alimleta mama yake, Bibi Khatija, akae naye. Mama akawa hali, hasemi, akisema ni kuulizia basi la kurudi, na kule hakubaki mtu wa kumtazama. Sameer akajenga tangi la kioo sebuleni, akaagiza chumvi ya bahari kutoka Dar, na mawe yakaja kwa basi kutoka Lindi kwenyewe, ndani ya deli, yamefunikwa magunia mabichi. Kama mama hawezi kuikosa bahari, basi bahari ihamie Geita.

— Samaki wenyewe bado, maji hayajatulia, alisema Sameer. Lakini kabla ya hao wa kununua, wamekuja wasionunuliwa. Yalianza mabaka ya waridi, utadhani fundi kadondosha rangi. Vikafuata vidude vyeupe vimejiviringa, vimeganda kwenye kioo. Jana nimemulika tochi nikaona mdudu mrefu ana manyoya ubavuni, kama tandu, akarudi shimoni humu. Na haya hapa juu ni kama maua, ukiyagusa yanajifungia. Mama anaingiza mkono mle. Kama yana sumu je?

Mayala alinyanyua dumu langu la maji ya kisima, akalimiminia jiwe, akalisugua kwa kidole gumba, akaligeuzia juani, akamimina tena mpaka beseni likajaa. Hakuna aliyemshangaa. Huku kwetu jiwe lolote linaoshwa kwanza ndipo lisomwe.

— Huu ni mkanda wa madini, alisema. Ukiona wekundu huu, dhahabu iko jirani.

— Dhahabu ya Lindi? aliuliza Chacha.

— Dhahabu haina kabila. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi.

Hatukujua methali hiyo imeingiaje, ila yeye alitikisa kichwa na sisi tukatikisa.

— Mzee Duara, wewe utaona dhahabu hata kwenye ugali, alisema Herman. Hiyo ni minyoo. Jiwe linaumwa. Ng'ombe akiwa hivi unamnywesha dawa, unampeleka josho, wiki ijayo anameremeta. Ngoja nitie dawa ya kupe tangi zima, tumalize.

— Mama yangu anaingiza mkono, Daktari.

— Basi na yeye hatapata kupe.

Chacha aliweka kikombe chini, kama afanyavyo akiwa na hoja.

— Ninyi wote mmeruka sheria. Hawa wamedandia. Basi limetoka Lindi na abiria wenye tiketi, wao wakajibana ndani ya deli. Hao weupe, unafikiri wamejikunja bure? Wamejificha wasionwe mizani ya barabarani! Huyo mwenye manyoya ndiye kondakta wao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Utampa mdudu jembe? nikamuuliza.

— Ana miguu mingi, Mama Mbuke. Atalima kuliko wewe.

Nilimpunguzia kahawa kidogo kwa neno hilo.

— Sikilizeni, alisema Mayala, safari hii kwa sauti ya chini. Niliwahi kuonja maji ya duara refu kuliko yote niliyoingia. Yana chumvi. Bahari iko chini yetu hapahapa. Hili jiwe limeisikia, ndiyo maana linaota.

— Likiota vizuri tutapata papa, alisema Herman.

— Leseni ya papa huyo itakuwa ya nani? aliuliza Chacha.

Sameer hakucheka. Macho yake hayakutoka kwenye beseni.

— Nifanye nini sasa?

— Jiwe likibishaniwa linapasuliwa, alisema Mayala. Duarani hatuna mahakama nyingine.

— Bora nikose jiwe kuliko kumkosa mama, alisema Sameer. Akaingia dukani, akarudi na nyundo.

Hapo ndipo Vumilia, binti anayekaa na Bibi Khatija, alipotokea geti la nyumbani kwao, nyuma ya duka. Hajawahi kuketi benchi letu hata siku moja.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Kaka Sameer, Bibi anaulizia jiwe lake la maua.

— Lake?

— Hilo analolilisha. Ukishafungua duka tu anavuta kiti, anasaga dagaa, anayapa maua kwa kijiti. Anasema hao wote aliwajua mwambani kwao, utotoni, maji yakipwa. Yule mwenye manyoya kampa jina la shemeji yake, Gulamu, eti naye alikuwa haonekani mpaka chakula kiive. Alicheka mpaka akakohoa. Siku hizi chai anamaliza, habari za basi haziulizi tena.

— Mbona mimi hajaniambia?

— Ukirudi unakagua pampu, Kaka. Hukai.

Akasogea, akachungulia beseni. Maua yote yalikuwa yamenywea. Chini ya jiwe mdudu mwenye manyoya alikuwa ametoka mzima mzima, amelala amenyooka kwenye maji ya kisima, hatikisiki. Vumilia alichovya kidole, akaonja, hakukuta chumvi, akatutazama mmoja mmoja.

— Sasa nikamwambie nini?

Chacha, aliyejitetea mbele ya mahakimu wangapi sijui, alitazama pikipiki yake. Herman alikoroga kahawa ambayo haina sukari. Mayala alikifuta kile kidole gumba kwenye suruali, akakifuta tena. Mimi niliona haya, maana dumu lilikuwa langu na nilikaa nikitazama.

Sameer aliweka nyundo chini.

— Usimwambie kitu. Nakwenda mwenyewe.

Akabeba beseni kwa mikono miwili, polepole lisimwagike, akaingia ndani kumwambia mama yake kwamba Gulamu amefariki.

Mayala alivua kofia. Hakuna aliyemcheka.