Devota Kikoti, Mwonja Divai (1981–2025)

Ndugu wapendwa, majirani wa Ilomba na wa Chimala, waumini wa makanisa yote mawili mliokaa hapa kila kundi upande wake: sisi wa familia tumekubaliana kuyasoma maisha ya Devota kama yalivyokuwa. Juzi katika kikao cha mazishi ilipendekezwa kwamba aya ya kazi iseme tu kuwa marehemu alikuwa mtumishi wa kiwanda cha vinywaji. Tunawashukuru waliopendekeza. Marehemu alikuwa mwonja divai, na ndivyo itakavyosomwa na mdogo wake, Justine.

Devota Marcelino Kikoti alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 katika kijiji cha Kidabaga, ambacho sasa kiko wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Marcelino Kikoti na mama Paskalina, na alibatizwa Kikatoliki Pasaka ya mwaka huohuo. Mzee Marcelino alikuwa mgema wa ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu wa kwetu hakuipata nafasi hiyo, maana binti yake alikuwa akiinamia chombo tu anajua kama mvua ya jana imeingia ndani ya mwanzi. Tena alisema kwa sauti, wateja wakiwa wamekaa. Baba alicheka mbele za watu, halafu akamkaripia nyuma ya nyumba.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1989, akaendelea na sekondari Iringa Mjini hadi kidato cha sita mwaka 2002. Kisha alikwenda Morogoro kusomea stashahada ya sayansi ya chakula, akahitimu mwaka 2005. Walimu wake walimkumbuka kwa ubishi. Hakuwa mkorofi, ila hakukubali kuandika kwamba kitu ni kitamu wakati ulimi wake unakataa.

Mwaka 2005 aliajiriwa na kiwanda kidogo cha divai nje ya Mji wa Iringa, kilichokuwa kikinunua zabibu Dodoma. Kazi yake ilikuwa kuonja divai nyekundu na nyeupe kabla hazijaingia kwenye chupa, na kusema kila moja ikoje. Asubuhi ya kuonja hakula kitunguu wala pilipili, hakupaka mafuta yenye manukato, hata sabuni alichagua isiyonukia. Alitia funda moja mdomoni, akavuta hewa juu yake, akalizungusha, akalitema kwenye ndoo, kisha akasema. Lebo za chupa za nje zilitaja matunda ambayo hata yeye hakuwahi kuyaona, hivyo akaamua kuzisema divai zetu kwa vitu vyetu. Nyeupe moja aliiandika kuwa inanukia peasi za Njombe zilizolala dirishani. Nyekundu moja iliyomkaba kwenye ufizi aliiita chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Wateja waliomuuliza divai inakuwaje kavu wakati ni maji aliwajibu kwa subira kwamba kavu ni ile isiyobakiza sukari. Mwenzake kazini, Dastan, anasema wakati mwingine walibishana neno moja mpaka chakula cha mchana kikapoa.

Tarehe 12 Septemba 2009 alifunga ndoa na Masanja Budeba, mfanyabiashara wa mpunga, ambaye wazazi wake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Walijenga Ilomba, jijini Mbeya, ambako kiwanda kilikuwa kimefungua tawi, na Mungu akawajalia watoto watatu. Hapa ndipo penye mfupa, na hatutaukwepa. Ukweni kwake Chimala ni watu wa kanisa lisilogusa kileo cha aina yoyote. Hata meza ya Bwana kwao huandaliwa kwa maji ya zabibu yaliyochemshwa, na aliyekuwa akiyachemsha miaka yote ni mama yake Masanja, Sarah Budeba. Mama huyo alipoambiwa mkwe anafanya kazi gani, hakugomba. Alisema kwa upole kwamba mdomo unaoishi kwenye pombe na mkono wake ni kitu kimoja, na kuanzia siku hiyo hakula chochote alichopika Devota.

Mambo yalizidi kuharibika kwa sababu ndogondogo. Devota alikataa kachumbari yenye kitunguu kwa kuwa kesho yake alikuwa na kazi, ikasemwa anajivuna. Alirudisha zawadi ya mafuta ya kupaka yenye harufu ya waridi, ikasemwa amedharau. Waliomwita mlevi bila kumwona akilewa wapo baadhi yao hapa leo, na tunawakaribisha chakula kama wageni wengine. Yeye aliumia. Alimwambia mama yetu kwamba anaweza kuvumilia kutukanwa, lakini sahani kurudi jikoni haijaguswa, mwaka hadi mwaka, inamla rohoni. Aliogopa watoto wake watakua wakijua kwamba mkono wa mama yao ni najisi kwa bibi yao.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2018, familia ilikuwa Chimala. Mama Sarah alikuwa jikoni akimimina maji ya zabibu kutoka kwenye dumu hadi kwenye jagi, ibada ikiwa karibu kuanza. Devota alikuwa mlangoni amembeba mtoto mdogo. Harufu ilimfikia hapo. Maji yale hayakuiva vizuri siku ya kuchemshwa, na joto la Chimala lilikuwa limefanya kazi yake ndani ya dumu.

Alijua akisema ataambiwa nini. Alijua pia kwamba asiposema, mama mkwe wake atawanywesha kileo waumini wote siku ya Pasaka, wakiwamo waliotoka kwenye ulevi kwa machozi na kuapa mbele ya madhabahu. Akatafuta neno la kumsitiri mama.

"Mama, naona yamechacha," alisema.

Mama Sarah hakushtuka. Akafungua kopo la sukari, kwa sababu kwao maji ya zabibu yakichacha kidogo huongezwa sukari, basi. Devota akaona neno lake la heshima linaharibu zaidi. Alimkabidhi Masanja mtoto, akaingia jikoni, akaushika mkono wa mama mkwe wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Hayajachacha, mama. Nilikosea kusema. Yamegeuka divai."

"Nyumba hii haijawahi kuingia divai," Mama Sarah alisema polepole. "Kama imeingia leo, imekuja na nani?"

Masanja anakumbuka kwamba hakujua asimame upande gani. Wakati huohuo mzee wa kanisa, Ezekia, akaingia kuchukua trei ya vikombe, akakuta mama na mkwe wameshikana mikono juu ya jagi. Akaelezwa. Mzee Ezekia alikuwa amewasimamisha watu ushirika kwa kunusa pumzi zao tu. Akauliza nani amethibitisha. Ikaonekana kwamba kuthibitisha ni lazima mtu aonje, na katika jiko lile kila mtu alikuwa na kiapo isipokuwa mmoja.

Devota aliomba kikombe. Akaonja mbele yao, akavuta hewa, akageuka, akatema nje ya mlango mchangani. Akasema yamebakiza sukari nyingi, ndiyo maana ulimi unadanganyika, lakini kileo kimo. Kanisani, jirani tu, kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba.

Mama Sarah alikuwa akiutazama mchanga uliolowa. "Mbona umetema?"

"Ndiyo kazi yangu, mama. Natema."

"Siku zote?"

"Siku zote. Nikimeza, nitajuaje inayofuata?"

Lilikuwapo dumu la pili, lililochemshwa siku nyingine na kuwekwa pembeni kwenye kivuli cha mtungi. Mzee Ezekia alitaka ibada iendelee bila meza. Mama Sarah alimimina kutoka dumu la pili, akampa Devota. Hapo heshima yake yote ya miaka mingi kanisani ilikuwa ndani ya mdomo wa mkwe ambaye mama huyo alikataa kula chakula chake. Devota alionja kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Kisha akameza.

"Haya ni maji ya zabibu," alisema. "Nimemeza, mama. Peleka."

Mama Sarah akayapeleka mezani kwa Bwana kwa neno la mwonja divai. Baada ya ibada, maneno yalikwishatangulia kwamba mkwe wa Budeba ameleta pombe hadi kanisani. Mama Sarah aliyasikia akiwa amekaa na wanawake wenzake, akamwita Devota kwa sauti ya kusikika na wote: "Nipakulie." Alikula ugali na samaki hadi sahani ikabaki mifupa. Devota alikwenda nyuma ya nyumba akalia, na hakuona haya kumwambia kila mtu hilo baadaye.

Mwezi Agosti 2023, akiwa amekwenda kiwanda cha Iringa kikazi, mbele ya glasi za kuonja, marehemu alimwambia Dastan kwamba anaona rangi tu. Nyekundu na nyeupe zilikuwa sawa mdomoni, na puani hapakuwa na kitu. Hakungoja kuambiwa, alijiondoa mwenyewe kwenye meza ya kuonja siku hiyohiyo. Alipimwa Mbeya, ikaonekana ana saratani nyuma ya pua, akapelekwa Dar es Salaam kwa matibabu ya mionzi. Zikarudi zile kauli kwamba pombe imemlipa. Madaktari hawakusema hivyo, na kwa heshima ya marehemu tunaomba zizikwe leo pamoja naye.

Mionzi ilimkausha mate, chakula kikawa hakina ladha. Alikataa kula, na hofu yetu kubwa ikawa njaa kuliko ugonjwa. Hapo Mama Sarah alifunga nyumba yake Chimala, akahamia Ilomba. Alikaa kitandani kwa Devota na bakuli la uji, akaonja kijiko kwanza, kisha akamsimulia. Alimwambia huu ni mchele mpya wa Usangu, una ndimu kwa mbali, maziwa yametangulia na tangawizi inafuata nyuma. Kama hakupata neno, Devota alimuuliza mpaka alipate: imefuata inachoma au imefuata inapasha moto? Mama akaonja tena, akajibu. Ndipo Devota akafungua mdomo. Kwa njia hiyo alikula karibu mwaka mzima ambao hatukuutegemea.

Hali yake ilibadilika mwanzoni mwa mwezi huu. Alipokea Mpako wa Wagonjwa, akaagana na watoto, na tarehe 10 Juni 2025, saa tatu asubuhi, alifariki dunia nyumbani kwake Ilomba. Mama Sarah alikuwa ameshika bakuli.

Familia inawashukuru wauguzi na madaktari wa Mbeya na Dar es Salaam, wafanyakazi wenzake wa Iringa, mapadre, wachungaji, na Mzee Ezekia, ambaye alikuja kuomba yeye mwenyewe kubeba jeneza. Tunawaomba radhi pia kwa ratiba kuchelewa kuchapwa. Ilikuwa tayari jana asubuhi, na Mama Sarah akaagiza asomewe. Alisikiliza yote mpaka kwenye majina ya wafiwa, akasimamisha, akairudisha steshenari kwa neno moja. "Hapo penye mkwe, toa," alisema. "Andikeni mama."

Marehemu ameacha mume, Masanja Budeba. Watoto watatu, Veronika, Fanueli na Happy. Kaka, dada na mdogo wake Justine. Na mama wawili, Paskalina wa Kidabaga na Sarah wa Chimala.

Bwana ampokee Devota wetu, na amani yake iwe mahali pake pa kupumzika. Amina.